Kifo cha Shangazi Mbiu

Jina lake la utani lilikuwa Penseli. Alilipata tangu shule ya msingi, kwa wembamba wake na kwa tabia yake ya kuchorachora kila alipokaa: kwenye madawati, pembeni mwa madaftari, hata kwenye soli za viatu vya wenzake. Alipokua, jina lilikua naye. Mhariri alimwita Penseli, majirani walimwita Penseli, na chini ya kila ukurasa wake wa katuni, kwenye gazeti la Jumamosi, aliweka sahihi ya penseli ndogo yenye miguu.

Katuni yenyewe iliitwa Shangazi Mbiu. Ilimhusu mwanamke mnene wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia puani, ambaye hakuwa na kifua cha kutunza siri. Ukimnong'oneza jambo asubuhi, jioni mtaa mzima unalo, tena limetiwa chumvi. Alivunja uchumba wa watu, alitangaza mimba kabla mwenye mimba hajaijua, na akibanwa alijibu vilevile kila wiki: "Mimi sisemi kitu, nauliza tu." Maneno hayo yakaenea. Wanafunzi waliwajibu hivyo walimu wao, na walimu wakajibizana hivyo kwenye chumba cha walimu. Kulikuwa na watu walionunua gazeti wakalianzia nyuma, wakaishia hapohapo nyuma.

Penseli aliandika hadithi mwenyewe, akachora mwenyewe, akatia wino mwenyewe, na maneno ya kwenye viputo akayaandika kwa mkono wake. Miaka mingi alifanya hivyo bila kukosa Jumamosi hata moja. Alichora akiwa na homa. Alichora kwenye benchi la hospitali baba yake alipolazwa, na wiki ya msiba wa baba huyohuyo ukurasa ulitoka kama kawaida, watu wakacheka. Alikuwa akijisifia jambo hilo. Akiulizwa lini atapumzika alisema, "Shangazi Mbiu akinyamaza."

Lakini uchovu ulikuwa umeshaingia, kama unyevu unavyoingia ukutani, na yeye akawa anapaka rangi juu yake. Kwanza aliacha kucheka vichekesho vyake mwenyewe. Zamani akipata kichekesho kizuri alikuwa anacheka peke yake mezani mpaka jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Sasa aliandika kichekesho, akakisoma, akakirudia, asijue kama kinachekesha ama la. Kisha likaja dole gumba. Lilianza kuwaka moto kila akishika kalamu, akalifunga plasta, akaendelea. Kisha simu: kila ilipolia moyo ulimruka, hata kama ni mdogo wake tu anampigia kumjulia hali. Na pamoja na yote hayo hakuna kazi aliyoikataa. Mabango ya chanjo, alichukua. Picha za kitabu cha sayansi, alichukua. Kalenda ya kampuni ya bima, alichukua. Aliogopa kwamba akikataa mara moja, watu wangegundua kuwa wanaweza kuishi bila yeye.

Alhamisi moja mchana, saa ya kutuma ukurasa ikiwa imemfika shingoni, alikuwa amemaliza visanduku vyote isipokuwa cha mwisho. Shangazi Mbiu alikuwa amesikia kwamba mwenye duka ana mke wa pili, na alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza tu. Kisanduku cha mwisho kilidai kichekesho. Penseli alikitazama. Akachora, akafuta, akachora tena, akafuta mpaka karatasi ikaota manyoya. Jua lilitoka mezani likashuka sakafuni. Mwishowe mkono wake ukachora kitanda, na juu ya kitanda ukachora mtu aliyefunikwa shuka mpaka kichwani, tumbo lake likijulikana kuwa la nani. Akachora ndala mbili zimepangwa sawasawa chini ya kitanda, na miwani juu ya kigoda. Halafu akaandika kwa herufi zake nadhifu: "Akajilaza mchana huo kwa uchovu, na hakuamka tena."

Alitia wino, akapiga picha, akatuma. Kisha akajinyoosha palepale sakafuni, akajisikia mwepesi kuliko alivyowahi kujisikia mwaka mzima. Wepesi ule ulimtisha.

Kule gazetini mhariri alikuwa kwenye kikao, na msaidizi wake akakagua tahajia tu. Tahajia ilikuwa safi.

Jumamosi, kabla hata Penseli hajanawa uso, simu ilianza. Ya kwanza ilikuwa ya mhariri, mtu mpole mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye walianza kazi pamoja wote wakiwa hawajui lolote.

"Penseli, umenifanya nini?" alisema. "Watu wanapiga simu wanalia. Mama mmoja ameniuliza anazikwa wapi. Nimjibu nini?"

"Mwambie hujui."

"Nitasemaje sijui, na mimi ndiye mhariri?"

"Basi mwambie mimi ndiye nisiyejua," Penseli akasema, akakata, akaizima.

Aliposhuka kununua mkate, muuza duka, aliyezoea kumtania kila asubuhi, alimsukumia mkate bila kumtazama.

"Leo hata salamu hakuna?" Penseli akamuuliza.

"Salamu gani? Yule mama wa watu alikukosea nini?"

Alirudi juu akiwa na mkate kwapani na roho juu juu. Jioni aliwasha simu kidogo, na papo hapo mdogo wake wa kiume akapenya.

"Dada, jiandae. Shangazi yuko njiani anakuja kwako."

"Shangazi gani?"

"Kwani tuna mashangazi wangapi? Anasema tangu asubuhi anapokea rambirambi."

Hapo ndipo Penseli alipoelewa alichokifanya. Maana wote katika ukoo walijua Shangazi Mbiu ametoka wapi. Dada wa baba yao alikuwa mnene, alivaa miwani ya kuning'inia, na yale maneno ya "nauliza tu" yalikuwa yake hasa. Penseli alianza kumchora akiwa bado mwanafunzi, kuwachekesha wadogo zake, na alipopewa ukurasa gazetini akampeleka vilevile alivyo, ila jina. Siku ile katuni ya kwanza ilipotoka, shangazi aliichukua, akaitazama, akacheka. Kwa kuwa alicheka, hakuna aliyemuuliza tena.

Jumapili asubuhi mlango ukagongwa. Shangazi alikuwa amesimama kwenye korido na begi la safari, akihema kwa ngazi, miwani ikiwa puani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nina swali moja tu, nikijibiwa naondoka." Akalitua begi chini. "Nimekufa kwa ugonjwa gani?"

Penseli alifungua mdomo amjibu, badala ya jibu kikatoka kilio. Alilia amesimama mlangoni na kitasa mkononi, kilio cha mtoto, cha kwikwi na kamasi, mpaka mwalimu wa hesabu wa ghorofa ya juu, aliyekuwa anashuka na takataka zake, akarudi nazo juu kwa adabu.

Shangazi alimsogeza kwa kiganja akaingia. Akaona mapazia yaliyofungwa mchana, vikombe vyenye wino kavu vimepangana na vikombe vyenye chai kavu, karatasi zilizokunjwakunjwa mpaka chini ya kochi, na juu ya meza mkate wa jana haujafunguliwa. Akamshika mkono, akaligeuza lile dole gumba lililovimba ndani ya plasta iliyokuwa nyeusi kwa uchafu.

"Umekula lini?"

Penseli akapandisha mabega.

"Mwanangu, mtu akiulizwa lini hajibu kwa mabega." Shangazi alimtazama kwa muda, hasira ikimtoka usoni kidogokidogo, kama mtu anayevua koti. "Haya. Kesi yangu itasubiri, marehemu hana haraka. Nenda kalale."

Alilala siku hiyo, akaamka kula wali aliopikiwa, akalala tena. Shangazi akafungua madirisha, akaosha vyombo, akaichukua simu ya mtoto wa kaka yake akaitia kwenye mfuko wa gauni lake. Ilipolia, akaipokea.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mhariri wake. Naongea na nani?"

"Na marehemu."

"Marehemu... yupi?"

"Yule uliyemtangaza Jumamosi ukurasa wa nyuma. Sikiliza, mwanangu. Mchoraji wako amelala. Akipata nguvu atakupigia yeye. Asipopata, nitakupigia mimi."

Penseli aliyasikia hayo kutoka kitandani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuogopa kilichosemwa kwenye simu yake.

Shangazi hakuondoka. Alisema anaondoka kesho, na kesho akasema kesho. Alimpeleka Penseli kwa daktari, ambaye alisema mshipa wa dole gumba umeumia kwa kazi, asishike kalamu kwa muda. Aliwapigia watu wa kalenda na wa mabango akawaambia kwa sauti tamu kabisa kwamba mchoraji anaumwa, na watu hao, ambao Penseli aliamini wangemla mzima, walisema pole, wakatafuta mchoraji mwingine. Hilo lilimfurahisha Penseli na kumuuma kwa wakati mmoja.

Siku zikaenda, uvimbe ukapungua. Daktari akamruhusu kushika kalamu kidogo. Penseli alinyoosha karatasi mezani, akachonga penseli, akakaa. Alidhani ukishalala vya kutosha kazi inarudi yenyewe. Akakaa. Alichora duara la kichwa. Akachora miwani. Mdomo ukamshinda. Mdomo ule alikuwa ameuchora mara nyingi kuliko alivyoandika jina lake, na sasa hakujua uanzie wapi. Aliweka penseli chini taratibu, akaegemeza kichwa juu ya meza.

Shangazi alikuwa kwenye kochi akipanga nguo zilizokauka.

"Shangazi, nimekwisha," Penseli akasema bila kuinua kichwa. "Nikifikiria kumfufua Shangazi Mbiu, sitaki hata kuiona kalamu. Na nisipomfufua sina kingine. Sijui kufanya kazi nyingine yoyote. Nitawauzia nini watu, mimi? Hata chai naunguza."

"Chai huunguzi, unaichemsha kupita kiasi," shangazi akasema. Akakunja shuka pembe kwa pembe, akaliweka juu ya mengine, akalinyoosha kwa viganja ingawa lilikuwa limeshanyooka. "Huyo Mbiu wako usimfufue."

Penseli akainua kichwa.

"Unajua nilikuwa nafanya kazi gani?" shangazi akauliza.

"Mapokezi. Hospitalini."

"Mapokezi, miaka yote mpaka nastaafu. Kila aliyeingia aliniambia mimi kwanza amekuja kwa shida gani. Walionong'ona, walioandika kwenye kikaratasi kwa aibu. Wake za wakubwa, waume za watu, mabinti wa majirani zangu. Nilikuwa naijua mitaa yetu yote kwa magonjwa yake. Na hakuna, nakuapia, hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia la mwenzake kutoka kwangu. Nilikuwa nauliza tu kwa sababu ndiyo kazi yenyewe: jina nani, umri gani, unaumwa nini." Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni. "Katuni yako ikatoka. Mwanzoni nilicheka. Wewe ulikuwa mtoto, ndiyo kwanza umepata kazi, na kaka yangu alikuwa hana kazi. Ningekwambia nini? Baadaye watu wakaanza kufika dirishani kwangu, wakinitazama na kicheko, wakisema, shangazi, usije ukatutangaza. Kisha wakaacha kucheka. Wengine walipanga foleni kwa mwenzangu, hata ikiwa ndefu. Binti mmoja alifunika kadi yake kwa mkono ili nisiione. Kadi ambayo mimi ndiye niliyemwandikia."

Penseli akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia siku gani? Kila nikikuona unachora. Hata kwenye msiba ulikuwa unachora." Hakulisema kwa ukali. "Nilikuja hapa na hasira, si mchezo. Nilisema, huyu mtoto amenifanya mmbea nikanyamaza, sasa ananiua bila hata kuniaga? Nikakukuta ulivyokuwa. Nikasema, kumbe huyu mama ametuchosha wote wawili. Na nikwambie ukweli, mwanangu, tangu nife nalala vizuri."

Shangazi akaanza kutikisika mabega, na Penseli akadhani analia, kumbe anacheka. Penseli akacheka pia, huku machozi yanamtoka, akaenda akakaa karibu naye kwenye kochi, juu ya nguo zilizokunjwa, akamwomba msamaha. Shangazi alimpokea kichwa chake begani. "Umekaa juu ya mashuka yangu," akasema. "Inuka."

Mhariri alikuja mwenyewe wiki iliyofuata, amebeba matunda kama anayemwona mgonjwa. Alikuwa amekonda, na chini ya macho yake kulikuwa na vivuli ambavyo Penseli hakuwahi kuvitazama vizuri hapo kabla. Shangazi alimpa chai, akaketi kiti cha pili asitoke.

"Tumeweka fumbo la maneno mahali pako," mhariri akaeleza. "Lakini wakubwa wananisumbua, wanataka Shangazi Mbiu arudi. Nimepata njia nyepesi kabisa. Hakufa. Alizimia tu. Kisanduku cha kwanza anafungua jicho, anauliza, nani kavaa ndala zangu? Watu watavunjika mbavu."

Penseli alikijua kichekesho kile kuwa ni kizuri. Hata aliona angekichora vipi. Miaka yote hapo ndipo aliposema ndiyo, kabla mtu hajamaliza kuomba. Alimtazama shangazi, na shangazi alikuwa akitazama kikombe chake. Alikuwa ameamua kutomsaidia.

"Hapana," Penseli akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Hapana, ndugu yangu. Amekufa. Na mimi nimechoka, sijui nitachora lini wala nitachora nini. Ukitaka kumpa mtu mwingine ukurasa, nitaelewa."

Mhariri alichukua chungwa katika yale aliyoyaleta, akaligeuzageuza. "Unajua mimi sijaenda likizo tangu mwanangu azaliwe?" akasema, kama anayeongea na chungwa. "Sasa anaota ndevu." Shangazi akamwongezea chai. Mhariri akaagana nao akisema atawashikilia wakubwa kwa fumbo la maneno kadiri atakavyoweza. Penseli alijua kwamba hiyo haikuwa ahadi ndogo.

Gazeti likaendelea kutoka. Wasomaji walilalamika Jumamosi mbili tatu, kisha wakaanza kubishana kuhusu majibu ya fumbo. Penseli alilia kidogo siku alipomsikia muuza duka akimuuliza mteja neno la herufi sita linaloanza na M. Halafu akaenda akawasaidia kulitafuta.

Ikawa siku moja asubuhi mwalimu wa hesabu wa ghorofa ya juu akaletewa kabati. Lilikuwa kabati la nguo la mbao nzito, la milango miwili na kioo. Mwalimu alikuwa amepima mlango wake, akapima na ukuta wa chumba, kwa rula, kama inavyofaa kwa mtu wa fani yake. Kona ya ngazi ndiyo aliyoisahau. Wabebaji walilipandisha wakiimba, wakafika kwenye kona kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, wakalisukuma kwa nguvu zote, na likakwama. Halikwenda juu, halikurudi chini. Wabebaji walisema wanakwenda kutafuta msumeno, na hawakuonekana tena siku hiyo.

Jengo zima lilisimama. Walio juu hawakuweza kushuka, walio chini hawakuweza kupanda. Mwalimu alikuwa amenasa upande wa juu akipigia watu mahesabu ya pembe, na upande wa chini muuguzi wa ghorofa ya nne, aliyetoka zamu ya usiku na hajalala, alikuwa amekaa kwenye ngazi akitishia kulala hapohapo. Ni shangazi, aliyekuwa anarudi kutoka sokoni, aliyepata shauri. Alifungua milango ya kabati, akagonga ubao wa nyuma kwa kifundo cha kidole, akasema, "Hiki ni kiplai tu, mwalimu. Kitoe."

Mwalimu akang'oa misumari ya nyuma kwa bisibisi. Na tangu hapo watu wakawa wanapita ndani ya kabati. Unafika kwenye kona, unafungua mlango wa kabati, unainama, unaingia, unatokea nyuma yake na kuendelea na ngazi. Muuguzi akapita na viatu mkononi. Akapita mtu wa gesi na mtungi begani. Akapita mzee wa ghorofa ya tano, mtu wa heshima sana, aliyebisha hodi mlangoni mwa kabati na kusubiri akaribishwe. Mwalimu akajikuta amesema, "Karibu." Shangazi alipofika zamu yake aliingia, akatulia humo ndani, na sauti yake ikasikika: "Mwalimu, rafu hii ya juu itakufaa kwa mashuka."

Penseli alikuwa amekaa kwenye ngazi za chini na kikapu cha nyanya za shangazi mapajani. Kicheko kilianzia tumboni. Alicheka mpaka nyanya zikamwagika, akacheka akiziokota. Alipoingia nyumbani hakwenda mezani kwake. Alisimama jikoni, akachukua mfuko wa karatasi uliokuwa na mkate, akaupasua, na kwa kalamu ya kawaida ya shangazi ya kujazia fumbo la maneno akamchora yule mzee akibisha hodi. Mistari ilikuwa ya kutetemeka. Akamchora muuguzi. Akachora viatu mkononi mwake. Hakufuta kitu, maana kalamu ile haifutiki, na dole gumba lilipoanza kumwasha aliacha, mtungi wa gesi ukiwa nusu.

Kesho yake alijaribu tena, hakuna kilichokuja. Keshokutwa vilevile. Akakasirika, akazunguka chumbani, na shangazi akamwambia, "Juzi kisima umekichota. Kiache kijae." Siku ya tatu akamaliza mtungi wa gesi. Ikawa hivyo: siku yenye kitu na siku tupu. Polepole akaacha kuziogopa zile tupu, akazitumia kulala, kufua au kumsindikiza shangazi sokoni. Huko sokoni alianza kutazama watu tena: namna mtu anavyobeba mzigo, namna anavyosimama akiwa amechoka. Alitambua kwamba kwa miaka mingi alikuwa akichora kutoka kichwani tu, na kwamba hata shangazi yake alimchora alivyokuwa zamani. Shangazi wa sasa alikuwa mzito wa sikio la kushoto na hakupenda makelele. Mara nyingi alikaa dirishani bila kusema neno mchana kutwa.

Zilipojaa karatasi kadhaa, shangazi alizipitia zote, akicheka kwa pua. Kisha akavua miwani. "Mwalimu umemwomba ruhusa?"

Penseli alipanda ngazi siku hiyohiyo. Kabati lilikuwa limeshatolewa kwenye kona kwa msumeno, sasa lilikuwa sebuleni mwa mwalimu, fupi kuliko lilivyonunuliwa. Mwalimu alizitazama picha kwa makini kama anayesahihisha mtihani. "Nichore," akasema, "ila tumbo unipunguzie. Na uandike kwamba mlango niliupima vizuri." Muuguzi alisema achorwe amelala. Mzee wa ghorofa ya tano aliomba siku mbili za kufikiri, akajibu kwa maandishi kwamba yeye hapendi, na Penseli akamtoa, ingawa ndiye aliyechekesha kuliko wote. Mahali pake akaweka mtu wa kubuni kabisa, mwenye kofia. Ilimchukua wiki nzima kumpata. Alipopatikana alikuwa bora kidogo, ama labda alikuwa mwingine tu.

Katuni mpya iliitwa Ngazi. Mhariri aliipigania ikakubaliwa, mara mbili kwa mwezi, si kila wiki, na kwa sharti la Penseli mwenyewe kwamba asipokuwa nayo asiulizwe kwa nini. Haikupendwa kama ile ya kwanza. Watu wengine waliandika kwamba Penseli amezeeka. Wengine waliandika kwamba wanaishi jengo lilelile, hata kama hawakuwahi kufika mji huo. Ya tatu ilichapwa mhariri akiwa hayupo. Alikuwa kwenye likizo, na msaidizi wake safari hii alisoma mpaka kisanduku cha mwisho, mara mbili.

Shangazi aliondoka asubuhi moja yenye manyunyu, na begi lilelile, baada ya kuandika kwenye ukuta wa jikoni namna ya kuchemsha chai. Penseli alimbebea mzigo mpaka kituoni. Nyumba ilikuwa kubwa sana siku hiyo, na kwa siku kadhaa hakuchora lolote.

Dole gumba linamsumbua bado kukiwa na baridi. Kuna wiki anahisi ule uzito wa zamani unamjia, moyo unaruka simu ikilia, na siku hizo anafunika wino, anampigia mhariri kumwambia kwamba safari hii hakuna ukurasa, kisha anapanda basi kwenda kwa shangazi. Wanakaa dirishani, upande wa sikio linalosikia. Siku shangazi akiwa na maneno anamsimulia habari za watu wa zamani, polepole, akirukaruka, akisahau na kurudia. Penseli anamsikiliza mpaka mwisho, mikono yake miwili imelala mapajani.